Kostimi, abakosti au kikwembe: kuchagua vazi moja la sherehe Lubumbashi

Picha unayomwonyesha fundi kwenye simu haimwambii mambo matatu anayoyahitaji kuliko yote: kitambaa kina uzito gani, aliyevaa ana umbo gani, na siku ile alikuwa anacheza ngoma gani. Ndiyo maana mtu anaingia kwa fundi wa mtaa wa Kamalondo au wa soko la mtaa wa Kenya na picha ya mwanamuziki Papa Wemba, halafu anatoka na vesti, yaani koti la kostimi, kubwa tu, kama ya kuazima kwa kaka yake. Kosa hapo si la fundi peke yake. Mfano ulichaguliwa kwa mapenzi, mwili haukuulizwa.

Mavazi tunayoyalinganisha ni manne: kostimi nyembamba ya wakati wa uhuru, kostimi pana ya sape (ule utamaduni wa Kongo wa kuvaa kwa umaridadi), abakosti (koti lisilo na kravati la wakati wa Mobutu), na kikwembe, yaani kitenge. Swali ni la mtu mwenye pesa ya kushonesha vazi moja tu, ambaye ataalikwa kwenye harusi mwezi wa saba na kwenye sherehe nyingine mwezi wa kumi na mbili. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na miezi hiyo miwili haifanani hata kidogo: mwezi wa saba usiku baridi inauma na vumbi jekundu liko kila mahali, mwezi wa kumi na mbili ni mvua, matope, na jasho ndani ya ukumbi. Mtu wa Kinshasa hana hesabu hiyo ya baridi, na mifano yetu mingi ya mavazi imetoka Kinshasa.

Tuanze na kostimi nyembamba. Ukitazama picha za wajumbe wa Kongo kwenye Meza ya Duara ya Brussels, mkutano wa kujadili uhuru, mwanzoni mwa 1960, utaiona vizuri: mabega ya kawaida, reveri (kola inayokunjwa kifuani) nyembamba, pantalo inayoshuka moja kwa moja. Lumumba, aliyetolewa gerezani Jadotville, Likasi ya leo, ili ahudhurie mkutano ule, anajulikana kwa miwani yake na kravati ya kipepeo. Vijana wengi wanaoiga wanamuziki wa leo waliovaa nguo za kubana wanarudia umbo lile lile bila kujua, ila wamelikaza zaidi.

Vipimo vyake ni hivi. Reveri sentimita 6 hadi 7 mahali ilipo pana zaidi, na kravati ilingane nayo, sentimita 5 au 6. Kravati pana ya baba kwenye reveri nyembamba inaharibu kila kitu. Mdomo wa mguu wa pantalo, ukilazwa mezani, uwe sentimita 17 hadi 18. Ukishuka chini ya hapo kiatu kinaonekana kama mtumbwi. Mkono wa vesti uishie pale ambapo shemizi inachungulia sentimita 1 hivi.

Uzuri wa kostimi hii ni kwamba inapatikana. Hata kwenye nguo za mtumba utaipata, na fundi wa kawaida anaweza kuipunguza. Lakini kuna sehemu moja asiyoweza kuigusa bila kuibomoa vesti nzima, nayo ni bega. Mshono wa bega ukipita mfupa wako kwa sentimita 2, iache, hata kama kitambaa ni kizuri namna gani. Kiuno kinapunguzwa, mkono unafupishwa, pantalo inabanwa. Bega halipunguzwi kwa bei ya kawaida.

Ubaya wake uko kwenye mapaja na kwenye muziki. Rumba, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, inachezwa umesimama wima, kwa hatua fupi. Kostimi nyembamba inaivumilia usiku kucha. Ndombolo inakunja magoti na kusukuma makalio nyuma, na hapo ndipo mshono wa nyuma unapoachia. Mwambie fundi aache ziada ya sentimita 3 ndani ya mshono wa makalio, aushone mara mbili kwa uzi wa polyesta, na usikubali pantalo kabla ya kuchuchumaa nayo hadi chini. Ukiwa na mapaja ya mcheza mpira, vazi hili si lako. Kulipanua hadi likutoshe ni kulifanya lisiwe tena lile ulilolipenda.

Sasa kostimi pana ya sape, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote.

Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu 1949 na kufia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, alianzisha Viva la Musica 1977, na kupitia bendi hiyo vijana wa Kinshasa walijifunza kutaja majina ya washonaji wa ng'ambo kama watu wanavyotaja majina ya wachezaji. Alipenda sana Wajapani: Yohji Yamamoto na Comme des Garçons, nyumba mbili zilizoanza kuonyesha nguo zao Paris 1981. Hao hawakukata nguo kufuata mwili. Walikata kitambaa kisimame chenyewe, mwili ukae ndani yake kama mtu ndani ya nyumba yake. Ukielewa hilo, umeelewa kwa nini kuchukua kostimi ya saizi 48 na kushonesha ya 54 hakukupi mtindo wa Wemba. Upana wa kweli unakatwa kwa makusudi katika sehemu chache, na sehemu nyingine zote zinabaki zimekaa sawasawa.

Sehemu zenyewe: bega linaweza kupita mfupa kwa sentimita 3 au 4, lakini tundu la mkono lazima libaki juu, karibu na kwapa. Fundi akilishusha pamoja na bega, kila ukiinua mkono vesti nzima inapanda hadi masikioni. Pantalo ikae juu, karibu na kitovu, iwe na marinda mawili kila upande, na mdomo wa mguu uwe sentimita 24 hadi 26. Marinda yanataka kiuno kinachoshika vizuri. Kiuno kikiwa kipana na mkanda ukikaza, marinda yanafunguka kama mdomo na tumbo linaonekana hata kwa mtu asiye na tumbo. Wengi hutumia bretele, zile kanda za kupita mabegani, badala ya mkanda kwa sababu hiyo hiyo: zinaacha kitambaa kianguke kutoka juu.

Kitambaa ndicho nusu ya kazi. Nguo pana ya polyesta nyepesi inapepea kama pazia. Unahitaji kitu kinachoanguka kwa uzito wake, sufu ya gramu 270 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, mtu wa urefu wa wastani ananunua mita 3.2 hadi 3.5 kwa kostimi ya kawaida. Kwa kostimi pana yenye marinda nunua mita 4, na ukitaka jile, yaani kizibao, ongeza sentimita 70. Muuzaji akikuambia ni sufu, omba nyuzi mbili tatu za ukingoni, uzichome nje ya duka. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Polyesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kitambaa kilichochanganywa kinafanya yote mawili. Si kibaya kwa pantalo, kwa sababu hakichakai upesi kwenye magoti, ila usilipe bei ya sufu.

Angalia pia ndani ya vesti. Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna kitambaa cha tatu kinachosimamisha kifua. Bana kifua cha vesti chini ya tundu la kifungo kwa vidole viwili, uvute pande zitengane. Ukisikia safu ya tatu inaelea katikati, imeshonwa. Kama zote zimeshikana, imegandishwa kwa gundi. Ya gundi si dhambi, ni ya bei nafuu na fundi wengi wa kwetu wanatumia hiyo, lakini joto linaiachisha. Pasi kali bila kitambaa chenye unyevu juu yake, au kufuliwa kwa maji ya moto mara moja, na kifua kinatoa malengelenge yasiyorudi tena.

Na rangi? Wasape wa Brazzaville wana sheria yao ya rangi zisizozidi tatu katika vazi zima, viatu na soksi vikihesabiwa. Kinshasa walikuwa huru zaidi. Kwa mtu anayeanza, sheria ya Brazzaville inaokoa: kostimi rangi moja, shemizi ya pili, na ya tatu ijirudie kwenye soksi na kitambaa cha mfuko wa kifua. Rangi ya nne inahitaji jicho ambalo wachache wanalo.

Nani avae kostimi pana? Mrefu mwembamba, bila wasiwasi. Mfupi anaweza, ila achague upana mahali pamoja: pantalo pana na vesti fupi iliyokaa, au vesti pana na pantalo ya kawaida. Vyote viwili vikiwa vipana anapotea ndani. Mwenye tumbo asijidanganye kwamba upana utalificha, marinda yanaliongeza. Kuhusu msimu, ni vazi la mwezi wa saba. Katika ukumbi wa mwezi wa kumi na mbili, sufu ya gramu 300 yenye bitana ni mateso, na jasho linaacha chumvi nyeupe mgongoni.

Kabla ya kumpelekea fundi picha, tazama video. Papa Wemba aliigiza katika filamu La Vie est belle ya 1987, na matamasha yake yamejaa mtandaoni. Katika picha iliyotulia, nguo pana na nguo isiyomkaa mtu zinafanana. Katika video unaona tofauti mara moja: nguo pana iliyokatwa vizuri ikitikisika inarudi mahali pake, ile nyingine inabaki imepinda. Simamisha video mtu akiwa wa ubavuni, mpige picha hapo. Fundi anajifunza zaidi kwa ubavu kuliko kwa mbele, kwa sababu picha ya mbele inaficha urefu wa nyuma na mahali pantalo ilipoanzia.

Abakosti ilizaliwa kama adui wa haya yote. Jina lenyewe ni Kifaransa kilichofupishwa, "à bas le costume", kostimi iondoke. Rais Mobutu aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na siasa yake ya uhalisi, ya kuacha mambo ya Kizungu, kravati ikakatazwa, na hali ilibaki hivyo hadi hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990 iliporuhusu vyama vingi na kravati zikarudi shingoni. Sape ya Kinshasa ilikua katikati ya miaka hiyo. Kuvaa kostimi ya Paris kulikuwa kumjibu mtawala bila kusema neno. Kwa hiyo wazee wengine hawawezi kuitazama abakosti bila kukumbuka chama kimoja, na jambo hilo lipime kabla ya kuivaa kwenye familia usiyoijua. Kofia ya chui na fimbo viache kabisa: hivyo si vazi, ni mtu.

Lakini ukiitenganisha na siasa, abakosti ni kazi ya akili kwa nchi ya joto. Haina shemizi ndani, haina kravati, mara nyingi haina bitana kamili, na mbele yake inashuka moja kwa moja bila kubana tumbo. Kwa mwanaume wa miaka 45 kwenda juu, mwenye tumbo na shingo nene, hakuna vazi linalompa heshima zaidi. Inahitaji kitambaa kidogo: mita 3 za upana wa sentimita 150 kwa mikono mirefu pamoja na pantalo, na mita 2.7 kwa mikono mifupi. Gabardini nyepesi ya gramu 220 hadi 240 inafaa misimu yote miwili. Mwezi wa saba unaongeza fulana ya mikono mirefu chini, hakuna anayeiona.

Ugumu wake uko kwenye kola. Kwenye kostimi, kola ya shemizi inalinda vesti na jasho la shingo. Hapa kola ya vazi lenyewe inagusa ngozi, kwa hiyo inachafuka siku ya kwanza na inachakaa kabla ya pengine pote. Nunua sentimita 30 za ziada, umwombe fundi akate kola mbili. Ya pili unaiweka ndani ya kabati hadi miaka mitatu minne baadaye. Kola iwe na kitambaa kigumu ndani na ilale bapa. Ikisimama upande mmoja, imekatwa bila kufuata uzi wa kitambaa, na hakuna pasi itakayoirekebisha. Mkono mrefu ufikie mwanzo wa kidole gumba, kwa kuwa hakuna shemizi ya kumalizia. Mifuko ya kushonwa juu inaleta sura ya mlinzi wa mlango. Dai mifuko ya kukata ndani. Kitambaa cha shingo cha hariri, kama walivyovaa zamani, kinaweza kuongezwa, kiwe cha rangi tulivu.

Kikwembe ni jambo jingine, maana mara nyingi hukichagui wewe. Familia imeshachagua kipande cha harusi, na kazi yako ni kukipeleka kwa fundi. Bado kuna maamuzi ya kufanya.

Kipande kimoja ni yadi 6, karibu mita 5.5, chenye vikwembe vitatu vya yadi 2 na upana wa kama sentimita 115 hadi 120. Hesabu ya mama ni ya wazi: kimoja kwa libaya, yaani blauzi, kimoja cha kufunga, na cha tatu cha kufunga juu au kutupia begani, ambacho kinamtambulisha kama mama wa nyumba. Shemizi ya mwanaume inatosha kwenye kikwembe kimoja na nusu kama maua ni madogo. Kama picha ni kubwa, ndege au feni au jicho, chukua viwili, kwa sababu fundi lazima aweke picha moja katikati ya kifua au azipange mbili zilingane pande zote za vifungo. Ndege aliyekatwa kichwa na mstari wa vifungo ni ishara ya kwanza kwamba kitambaa kilikuwa kidogo. Tazama pia kama picha ina juu na chini; ikiwa nayo, kitambaa kinaliwa zaidi, maana mapande hayawezi kugeuzwa.

Waksi ya kweli inaonekana sawa pande zote mbili, na ina mishipa midogo ya rangi isiyojirudia, mahali nta ilipopasuka. Kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Maandishi ya ukingoni pekee hayatoshi: jina la Vlisco, kiwanda cha Helmond huko Uholanzi kilichoanza 1846, linachapwa pia na wengine wasiohusika nacho. Sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihamia, usimshonee nacho bibi harusi chochote chenye pande nyeupe. Loweka kipande kizima usiku mmoja kabla ya kukata, kwa maana pamba inajikaza, na libaya lililoshonwa bila kuloweshwa linakataa kufunga zipu baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Na familia ikinunua kwa wingi, inunue siku moja duka moja, pamoja na vipande viwili vitatu vya akiba. Mzigo mwingine wa picha ile ile unaweza kuja na bluu tofauti, na tofauti hiyo inaonekana kwenye picha ya pamoja.

Kwa kina mama, mfano wa kutazama ni mwanamuziki Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, 1958, aliyeipeleka mbali mutuashi, ngoma ya Waluba, na kutuaga Desemba 2022. Mutuashi iko kiunoni. Libaya refu lililobana hadi kwenye nyonga linaua ngoma hiyo, na zipu ya ubavuni inapasuka. Anayejua kwamba watamwita katikati ya duara aombe libaya fupi linaloishia juu ya nyonga, kikwembe cha kufunga kishonwe mkanda wa ndani ili kisidondoke, na kitambaa cha pili kiwe huru cha kufunga kiunoni wakati wa ngoma. Mikono mikubwa ya kusimama mabegani ni mizuri sana kwa mama mwembamba. Mwenye mabega mapana aweke urembo shingoni.

Tukiyaweka ubavu kwa ubavu kwa swali letu la sherehe mbili: kijana mwembamba achukue kostimi nyembamba ya sufu ya gramu 240, itamfaa mwezi wa saba na mwezi wa kumi na mbili pia. Mrefu anayejua atavaa wakati wa baridi tu na aliyempata fundi mvumilivu achukue ile pana, hatajuta. Mwenye miaka na mwili achukue abakosti. Kikwembe ni cha ndugu wa karibu wa maharusi kwa vyovyote vile, na kwa mwenye pesa kidogo ni bora shemizi ya kikwembe iliyokatwa vizuri juu ya pantalo nyeusi kuliko kostimi ya polyesta inayong'aa kwenye magoti.

Viatu usiviache mwisho. Mokasini za J.M. Weston ambazo wasape wanazipenda zina soli ya ngozi, na ngozi kwenye matope ya Lubumbashi inateleza, inakunywa maji na kuoza. Mshona viatu akubandikie nusu soli ya mpira ya milimita 2 kabla hujavivaa mara ya kwanza, sio baada. Vumbi jekundu likavu linatoka kwa brashi. Ukilipangusa kwa kitambaa chenye maji linakuwa rangi na kuingia kwenye mishono.

Na kwa fundi, nenda wiki 6 kabla. Jaribio la kwanza nguo iwe imeshikizwa kwa uzi wa mkono tu, bila bitana, ili kila kitu kiweze kufunguliwa. La pili, mikono ikiwa imewekwa. Uje na viatu utakavyovaa, kwa kuwa kisigino kinabadilisha urefu wa pantalo kwa sentimita 1 au zaidi. Kaa kwenye kiti, inua mikono yote miwili, chuchumaa, kisha mwambie fundi aweke wimbo unaojua utapigwa siku hiyo, uucheze mbele yake hadi mwisho akiwa na sindano mkononi.